Mfalme Yumo Gerezani

Pale ilipokuwa nyota ya Mfalme palikuwa na tundu.

Msomaji tuliyeachana naye wiki iliyopita analijua tundu hilo, na kama hakulala vizuri asinilaumu mimi. Na wewe unayeingia leo, karibu, hujapitwa na mengi. Tuko Beijing, ndani ya karakana ya Jumba la Mfalme. Mbele yetu kuna tufe la mbingu la dhahabu tupu, limebebwa na majoka yaliyosokotana mikia, na kila nyota ya mbinguni imewekwa juu yake kwa lulu. Ni zawadi ya Mfalme kwa siku yake ya kuzaliwa. Kabla ya adhuhuri wakaguzi wanakuja kulitazama.

Fundi aliyezipachika lulu hizo ni Qiao Renfu. Ndiye huyu aliyesimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi, analitazama tundu na tundu linamtazama.

Jambo la kwanza alilofanya Qiao ni kuliziba kwa kidole gumba.

Jambo la pili ni kukumbuka kwamba amemgandamiza Mfalme kwa kidole gumba. Akakiondoa kama aliyegusa kaa la moto. Tundu likatokea tena. Akakirudisha.

"Nimekwisha," alijisemea. "Mimi na mke wangu na watoto wangu, tumekwisha."

Wala hakuwa anatia chumvi. Kumpelekea Mfalme mbingu isiyo na nyota yake, tena siku ya kuzaliwa kwake, ni kumwambia machoni kwamba atakufa. Kwa kosa hilo hawamkati mtu mmoja. Wanakata nyumba nzima.

Akaanguka magoti akaanza kupapasa. Chini ya meza, hakuna. Chini ya mkeka, hakuna. Akachungulia hata ndani ya chungu cha gundi ya samaki, akaona uso wake mwenyewe umepauka kama unga.

Lakini hofu iliyokuwa ikimla Qiao ilikuwa na mzizi mwingine, na mzizi huo hakuna aliyeujua. Ama ndivyo alivyodhani.

Mfalme amezaliwa mwaka wa Sungura, maana huko kila mwaka una mnyama wake. Na hata mtoto anayeuza maandazi ya mvuke barabarani anajua kwamba Sungura na Jogoo hawaivi chungu kimoja. Mwaka wa huyu unapigana na mwaka wa yule. Ndiyo sababu siku nyota ya Mfalme ilipowekwa, msimamizi wa karakana, Towashi Meng, alipaza sauti: "Wa mwaka wa Jogoo, geukieni ukuta!" Wa mwaka wa Jogoo akageuka, pua kwenye chokaa, asije akaitia kazi nuksi kwa macho yake.

Qiao hakugeuka. Qiao ndiye aliyeishika lulu.

Siku alipoomba kazi alisema amezaliwa mwaka wa Mbwa. Alijipunguzia mwaka mmoja tu, nani ataukosa? Lakini Mbwa gani, ndugu zangu! Alikuwa Jogoo, Jogoo mwenye upanga kichwani na kucha miguuni. Na sasa lulu aliyoiweka kwa mkono wake imeanguka yenyewe, na Qiao hakuwa na shaka kwamba mbingu imeukataa mkono ule.

"We Renfu! Unadonoa nini huko chini kama kuku?"

Qiao alishtuka akagonga kichwa mezani.

Alikuwa Luo Dequan, aliyemtangulia katika ufundi, mtu wa kijiji kimoja naye. Si kijiji tu. Mama yake Qiao alikauka maziwa, na mama yake Luo ndiye aliyewanyonyesha wote wawili, huyu titi la kulia, huyu la kushoto. Luo naye ni wa mwaka wa Jogoo. Tofauti ni kwamba yeye alipoulizwa alisema kweli, na siku ile ya nyota yeye ndiye aliyesimama pua ukutani.

"Kaka, funga mlango," Qiao alisema. "Funga, nakuomba."

"Kuna nini?"

Qiao akanyoosha kidole. Luo akasogea, akatazama.

"Imekwenda wapi?"

"Ningejua ningekuwa natambaa?"

"Tafuta lulu nyingine."

"Ya ukubwa ule? Toka mito ya kaskazini? Niipate wapi, sokoni kwenye mboga? Kaka, wanakuja sasa hivi!"

Luo akajikuna kidevu. Wala mikono yake haikutetemeka, jambo ambalo Qiao angelitia akilini kama angekuwa na akili ya ziada asubuhi ile.

"Nta," Luo alisema.

"Nta gani?"

"Nta nyeupe. Finyanga kidonge, kipake unga wa chaza, kipachike. Mzee Fang wa Idara ya Nyota haoni hata vidole vyake. Wakishaondoka tutaitafuta yenyewe."

"Kwa joto hili? Na tanuri la jirani?"

Maana nyuma ya ukuta ule walikuwa wakichoma rangi za vyombo, na ukuta wenyewe ukiushika unakuchoma.

"Una njia nyingine?" Luo aliuliza. "Kama unayo, sema."

Hakuwa nayo. Mfa maji haachi kutapatapa. Akafinyanga, akapaka, akapachika, na mlango ukagongwa wakati bado anapuliza unga uliobaki vidoleni.

Towashi Meng akaingia, mnene, mlaini, sauti yake nyembamba imemtangulia. Nyuma yake Mzee Fang, akipepesa macho nyuma ya miwani iliyofungwa kwa uzi masikioni. Nyuma yao askari wawili. Mafundi wakapiga magoti.

"Inukeni, inukeni, leo sina nguvu ya kusujudiwa," alisema Meng. "Joto gani hili! Nileteeni kiti. Na jiko langu la chai. Liwekeni hapo, penye upepo."

Hapo penye upepo palikuwa chini ya tufe.

Qiao akaona jiko la mkaa mwekundu likiwekwa karibu na mguu wa joka, na birika juu yake, na mvuke wa birika ukipanda taratibu kuelekea kileleni, alipokaa Mfalme wa nta.

"Mzee Meng," alisema, "mvuke utatia dhahabu ukungu."

"Si utaipangusa? Ndiyo kazi yako."

Fang alikuwa ameshaanza. Ukaguzi wake ulikuwa wa pua. Aliisogeza pua mpaka ikakaribia kugusa dhahabu, akawa anaisafirisha nyota hadi nyota, akinong'ona majina yake kama mtu anayewasalimu jamaa.

"Kaskazini vizuri. Kibuyu cha Kaskazini vizuri sana. Sasa tumwone Mwenyewe."

Pua ikapanda. Qiao akafumba jicho moja. Kwa jicho lililobaki aliona kidonge cha nta kimeanza kung'aa kuliko inavyopasa. Kilikuwa kinatoka jasho. Na yeye pia.

"Ah!" Fang alisema.

Qiao akafumba na jicho la pili.

"Lulu gani hii! Tazama, Mzee Meng, ina umande. Nimeishi miaka yote hii sijaona lulu yenye umande."

"Ni ya kaskazini," Meng alijibu, akipuliza chai yake. "Niliileta mwenyewe kwenye sahani ya hariri."

Pua ikashuka. Qiao akavuta pumzi, ya kwanza tangu wakaguzi waingie. Mungu akupe nini tena? Bado kidogo, pua imalize, wazee waondoke na jiko lao.

Pua ikasimama.

"Hapa kuna kasoro," Fang alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Gereza la Mbinguni. Nyota zake ni hafifu, wafungwa hawang'ai. Nani ameniwekea mfungwa mnono namna hii?"

Qiao akatazama. Katika nyota ndogo za Gereza ilikaa lulu kubwa, ya mviringo kamili, yenye wekundu mwembamba kama wa shavu la mtoto. Aliijua. Aliishika kwa mkono wake, aliipulizia pumzi yake. Haikuanguka! Haikukataliwa na mbingu! Kuna mtu aliyeing'oa na kuihamishia gerezani, kwa gundi safi, kazi ya fundi.

Akageuka kumtazama Luo. Luo alikuwa anatazama sakafu.

"Badilisheni tu," Fang alikuwa akisema. "Tafuteni iliyo ndogo, tuendelee..."

"Ngoja," alisema Meng.

Alikuwa ameinuka. Kikombe kilikuwa bado mkononi lakini chai ilikuwa inamwagika juu ya viatu vyake, wala hakujali.

"Lulu hiyo naijua. Ndiyo niliyoileta kwenye sahani."

Fang akairudisha pua nyuma.

"Na kama Mfalme yumo gerezani," Meng alisema polepole, "basi kwenye kiti chake amekaa nani?"

Macho yote yakapanda kileleni. Kidonge cha nta kikainama, kikateleza, kikaburuza mstari mweupe juu ya dhahabu, kikadondokea pua ya joka.

Wote wakaanguka kifudifudi. Fang akaanguka, askari wakaanguka, Meng mwenyewe akaanguka na unene wake wote. Kuona jambo lile ni nusu ya kulitenda.

Paji la uso sakafuni, Qiao alijikuta jicho kwa jicho na Luo.

"Kaka," alinong'ona. "Ni wewe?"

Luo aliuliza swali lake.

"Siku ile kwa nini hukugeuka?"

"Kaka..."

"Titi moja, Renfu. Majira mamoja. Mimi nasimama ukutani kama mtoto aliyejikojolea, nasikia nyuma yangu wanakupongeza. Mkono mzuri wa Qiao! Mkono wenye baraka! Na hukunitazama hata mara moja."

"Watatuua sote!"

"Nilitaka uogope tu. Nilitaka ukimbie kwangu uniambie kweli. Ulinikimbilia, ukaniambia habari za lulu. Na hii pua ya Fang sikuitegemea."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Luo alikuwa ameshazama hadi kiunoni.

"Fungeni mlango!" Meng aliinuka akitweta. "Asitoke hata nzi. Qiao! Mtoe Mwenyewe humo, upesi!"

Qiao akachukua kibano. Lulu ikatoka, ikalazwa kwenye sahani ya hariri.

"Sasa," alisema Meng, "hapa Gerezani palikuwa na lulu ndogo. Iko wapi? Leo hamjalipita geti la jioni, mnapokaguliwa mkitoka. Basi imo humu. Fungueni misuko ya nywele! Nani ni wa mwaka wa Jogoo?"

Luo akainua mkono. Alikuwa na tabia ya kusema kweli, maskini.

"Anzeni na huyo."

Askari wakamshika, wakaufumua msuko wake mrefu, ambao kila mwanamume wa huko anao. Waliuvuta kwa nguvu, shingo ikapinda. Na kabla hawajafika katikati, kitu cheupe kidogo kama punje ya mtama kikaruka, tik, tik, tik, sakafuni.

Qiao alitaka kulia.

"Jogoo amemfunga Sungura," Meng alisema kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini ilitisha kuliko kelele zake zote. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Uko na nani?"

Luo akainua macho, nywele zimemtapakaa usoni, akamtazama Qiao.

Ndiyo hii, alijisemea Qiao. Sasa atasema. Ana haki ya kusema. Neno moja tu, nami nitakuwa Jogoo aliyemgusa Mfalme kwa uongo, na mke wangu atakatwa, na binti yangu ambaye hata nywele za kusuka hajaota. Akasali kwa miungu yote aliyokuwa akiidai na inayomdai kwamba Luo afe hapo hapo, kimya. Alisali hivyo, wala sitamfichia.

Luo akafungua mdomo.

Akaufunga.

"Niko peke yangu," alisema.

"Vema. Utakufa peke yako, na wa kwenu wakufuate," Meng alisema. "Lakini kwanza Mfalme arudi kitini. Qiao, wewe Mbwa wangu mwaminifu, tia gundi. Na wa mwaka wa Jogoo ageukie ukuta!"

Askari wakamgeuza Luo kwa nguvu, wakamgandamiza uso kwenye chokaa. Damu ya pua ikaanza kushuka ukutani.

Qiao akachovya. Akainua lulu kwa kibano. Tundu lilikuwa pale, linangoja, na hatua ilikuwa moja. Akiiweka, amepona. Mke amepona, binti amepona. Hakuna mwingine anayejua.

Ila alikuwa anatazama mgongo wa Luo.

Siku ile nyingine mgongo huu ulikuwa pale pale, mbele ya ukuta ule ule, naye hakuutazama. Sasa aliutazama. Uliinama kidogo upande wa kushoto, kama wa mama yake Luo alipokuwa akiwabeba wote wawili.

Aliogopa. Nataka ujue kwamba aliogopa mpaka mwisho. Kwa hofu hiyo hiyo akairudisha lulu kwenye sahani, akavuka chumba, akasimama kando ya Luo, akaweka pua yake kwenye chokaa ya moto.

"We Qiao! Unakwenda wapi?"

"Mzee Meng," alisema, na ukuta ukamrudishia sauti yake mwenyewe. "Atafutwe mtu mwingine wa kuiweka. Hapa Jogoo tuko wawili."

"Mjinga," Luo alinong'ona kando yake. "Mjinga wee, rudi!"

Meng alikuwa ameshainua mkono kuwaita askari, uliposikika kutoka mbali, ng'ambo ya ua, mlio mkali.

Paa!

Kila anayefanya kazi Jumbani anaujua mlio huo. Ni mjeledi unaopigwa chini kusafisha njia. Haupigwi kwa ajili ya waziri wala kwa ajili ya mama yake waziri.

"Haiwezekani," alisema Fang kutoka sakafuni. "Alisema kesho."

"Amekosa subira," alisema Meng. Rangi yote ilikuwa imemtoka. "Anakuja kuliona leo."

Akatazama tundu tupu kileleni. Akatazama mstari wa nta. Na nadhani hapo ndipo alipokumbuka kwamba ni yeye aliyempeleka Qiao kwa wakubwa kwa jina la Mbwa, na ni yeye aliyedai kwamba lulu yenye umande aliileta mwenyewe.

"Renfu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mwanangu. Geuka. Wewe ni Mbwa."

"Mimi ni Jogoo, Mzee."

"Mbwa! Nimesema wewe ni Mbwa! Mheshimiwa Fang, huyu si Mbwa?"

"Mbwa mtupu," Fang alisema haraka. "Hata masikio."

Paa! Mjeledi wa pili ulilia getini mwa ua. Nje watu walisikika wakianguka kifudifudi.

"Hakuna mkono mwingine humu unaojua kazi hii," Meng alisema, na sauti yake nyembamba ikapasuka. "Nakusihi. Geuka uiweke!"

Qiao akaigandamiza pua kwenye chokaa. Hakugeuka.

"Mwachieni kwanza kaka yangu," alisema.

Meng akawatazama askari. Askari wakamtazama Meng. Na mjeledi wa tatu ukalia mlangoni penyewe, komeo likaanza kuinuka.